Somo la Jiografia na Historia: Kisiwa cha Jamaika, Tambarare Zake na Milima Yake

Jina la Jamaika si geni masikioni mwa watu wa Afrika ya Mashariki. Wengi wamelisikia kwa ajili ya nyimbo za nchi ile, na wengine kwa ajili ya wakimbiaji wake wa mbio fupi walioshinda katika michezo ya dunia nzima. Lakini ukimwuliza mtu, "Jamaika iko wapi, na watu wake walifikaje huko?" aghalabu hupati jibu la kutosha. Katika somo letu la juma hili tutajaribu kuyajibu maswali hayo mawili. Tutaanza na nchi yenyewe, kisha tutatazama historia ya watu wake, na msomaji ataona kwamba mambo hayo hayatengani. Katika kisiwa hiki, swali la nani ana ardhi ya tambarare na nani ana ardhi ya mlima ndilo lililoamua, kwa miaka mia tatu, nani awe bwana, nani awe mtumwa, na nani awe mtu huru.

MAHALI PAKE NA UKUBWA WAKE

Chukua ramani ya dunia. Weka kidole chako Mombasa, upite kuelekea magharibi juu ya bara zima la Afrika mpaka ufike Bahari ya Atlantiki. Vuka bahari hiyo huku ukipanda kidogo upande wa kaskazini, na utaona visiwa vingi vilivyojipanga kama shanga baina ya Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini. Bahari inayozungukwa na visiwa hivyo huitwa Bahari ya Karibi. Kisiwa kikubwa kuliko vyote ni Kuba, na kiasi cha maili 90 kusini yake ndipo ilipo Jamaika, ya tatu kwa ukubwa katika visiwa vya bahari hiyo.

Urefu wa kisiwa, toka mashariki hata magharibi, ni maili 146. Upana wake ni maili 51 mahali palipo papana na maili 22 mahali palipo pembamba. Eneo lake lote ni maili za mraba 4,244, yaani kilomita za mraba 10,991. Ukikilinganisha na Unguja, Jamaika ni kubwa zaidi ya mara sita, lakini Kenya ni kubwa kuliko Jamaika zaidi ya mara hamsini. Wakazi wake ni kama milioni 2.8. Watu wengi husema kwamba umbo la kisiwa hiki katika ramani lafanana na kasa aogeleaye baharini, na mfano huo wafaa kukumbukwa na mwanafunzi atakayetaka kukichora.

Kisiwa kiko nyuzi 18 kaskazini ya Ikweta. Kwa hiyo mtu wa Malindi au Tanga akifika huko hatajiona ugenini kabisa. Ataona minazi, miembe, migomba, mihogo, miwa na mishelisheli. Ataona pia bahari ya buluu yenye matumbawe, na atasikia joto lile lile linalopunguzwa na upepo wa baharini wakati wa mchana.

AINA TATU ZA ARDHI

Ardhi ya Jamaika yaweza kugawanywa katika mafungu matatu, na yafaa msomaji ayashike vizuri, kwa kuwa tutayarudia mara kwa mara katika somo hili.

Fungu la kwanza ni milima mirefu ya mashariki, iitwayo Blue Mountains. Kilele chake cha juu kina futi 7,402, yaani mita 2,256. Mlima Kenya ni mrefu zaidi ya mara mbili, lakini kwa kisiwa kidogo milima hii ni mirefu sana, nayo ni miteremko mikali yenye misitu na mabonde membamba. Upepo utokao kaskazini mashariki huipiga milima hiyo ukiwa umejaa mvuke wa bahari, na mahali pengine hunyesha mvua ya zaidi ya inchi 200 kwa mwaka. Mji wa Kingston, ulio upande wa pili wa milima, haupati hata inchi 40. Hivyo katika safari ya saa chache tu mtu hutoka penye ukungu na matope akafika penye miiba na vumbi.

Fungu la pili ni vilima vya mawe ya chokaa. Vilima hivi vimefunika kiasi cha theluthi mbili za kisiwa. Maji ya mvua huyayeyusha mawe ya namna hii polepole, yakachimba mapango na mifereji chini ya ardhi. Mito mingi huzama ikapotea, kisha ikatokeza tena mbali. Sehemu iliyo ngumu kuliko zote huitwa Cockpit Country, nayo iko magharibi, hasa katika wilaya ya Trelawny. Hapo pana mamia ya mashimo makubwa ya duara, yaliyozungukwa na vilima vyenye miteremko mikali, na Waingereza waliyaita hivyo kwa kuwa yalifanana na viwanja vyao vya kupiganishia majogoo. Mgeni akiingia humo bila kiongozi hupotea upesi, kwa maana kila shimo lafanana na jingine.

Fungu la tatu ni tambarare za pwani. Tambarare hizi ni chache na si kubwa, lakini udongo wake ni mzuri na ni rahisi kulimwa. Zilizo maarufu ziko upande wa kusini, katika wilaya za Clarendon, St Catherine na Westmoreland.

MAJIMBO NA WILAYA

Jamaika ina majimbo matatu yaliyopewa majina ya Kiingereza. Jimbo la mashariki huitwa Surrey, la kati Middlesex, na la magharibi Cornwall. Siku hizi majimbo hayo hutajwa zaidi katika ramani kuliko katika kazi za serikali. Migawanyo yenye maana katika maisha ya kila siku ni wilaya 14, ambazo hapo mwanzo zilihesabiwa kwa mitaa ya kanisa, na ndiyo maana nyingi zina majina ya watakatifu.

Katika Surrey mna Kingston, St Andrew, St Thomas na Portland. Kingston ndio mji mkuu tangu mwaka 1872, nao una bandari iliyokingwa vizuri na ulimi mrefu wa mchanga. Kwenye ncha ya ulimi huo ulikuwako mji wa Port Royal, maskani ya maharamia na wafanya biashara matajiri. Tarehe 7 Juni 1692, mchana ukikaribia, zilzala ilipiga, mchanga ukalainika kama uji, na sehemu kubwa ya mji ikazama baharini. Watu wapatao 2,000 walikufa siku ile. Waliosalia walivuka ng'ambo wakaanza kujenga Kingston. Katika milima ya St Andrew, St Thomas na Portland hulimwa kahawa ya Blue Mountain, isifiwayo duniani kote. Wakulima wa kahawa wa Kenya wapaswa kujua kwamba aina hiyo hiyo ya mbuni ililetwa pia nchini kwao mwanzoni mwa karne ya 20.

Katika Middlesex mna St Catherine, Clarendon, Manchester, St Mary na St Ann. Spanish Town, mji mkuu wa zamani, umo katika St Catherine. Manchester ni nchi ya juu yenye udongo mwekundu. Wakulima walijua tangu zamani kwamba udongo ule hauzai vizuri, lakini katika miaka ya 1940 ulipopimwa na wataalamu ilionekana kwamba una boksiti, madini yatoayo alumini. Boksiti ilianza kusafirishwa mwaka 1952, na kwa miaka kadhaa baadaye hapakuwa na nchi iliyotoa nyingi kuliko Jamaika. St Ann ndiko alikozaliwa Marcus Garvey, mwaka 1887, aliyewafundisha watu weusi wa Amerika na visiwa kujivunia asili yao ya Kiafrika. Jomo Kenyatta alimsimulia mwandishi C.L.R. James jinsi watu wa Kenya wasiojua kusoma, mnamo mwaka 1921, walivyokuwa wakimzunguka mtu mmoja awasomee gazeti la Garvey, kisha wakaenda kuyarudia maneno yale mbali vijijini.

Katika Cornwall mna St Elizabeth, Trelawny, St James, Hanover na Westmoreland. Mji mkubwa ni Montego Bay, wilayani St James, unaopendwa sana na watalii. Jimbo hili halijasahau tarehe 28 Oktoba 2025, ilipopigwa na tufani iliyopewa jina la Melissa. Ilibomoa nyumba, shule na mashamba, hasa katika St Elizabeth na Westmoreland. Miezi ya Juni mpaka Novemba ni ya hofu kila mwaka kwa ajili ya tufani kama hizo.

WATU WA KWANZA

Wenyeji wa asili waliitwa Wataino. Inasemekana kwamba jina la Jamaika latokana na neno lao lenye maana ya nchi ya miti na maji. Walikuwa wavuvi na wakulima, na chakula chao kikuu kilikuwa muhogo. Msomaji asishangae, kwa maana muhogo ni mmea wa Amerika. Ulivuka bahari ukafika Afrika baada ya safari za Wazungu, na leo twauona kama wetu wa tangu na tangu.

Christopher Columbus, baharia aliyetumwa na wafalme wa Hispania, alifika Jamaika mwaka 1494. Mwaka 1503 alirudi na merikebu zilizotobolewa na funza wa baharini, akakwama pwani ya kaskazini kwa muda wa mwaka mzima. Wataino waliwalisha wageni wale mpaka wakachoka na mwenendo wao. Columbus alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota, akajua kwamba mwezi utapatwa tarehe 29 Februari 1504. Akawaambia wenyeji kwamba Mungu amekasirika na atauficha mwezi. Ulipopatwa kweli wakaogopa, wakaendelea kuleta chakula. Ndivyo elimu ilivyotumika kumdanganya mtu badala ya kumfundisha.

Wahispania walianza kukaa kisiwani mwaka 1509. Kwa kazi za kulazimishwa na kwa magonjwa mageni, Wataino karibu wote walikwisha katika muda usiofika miaka mia moja. Wahispania wakaleta watumwa wachache kutoka Afrika. Mwaka 1655 Waingereza walikiteka kisiwa, na mwaka 1670 Hispania ikakubali kwa mkataba kwamba ni mali ya Uingereza.

MIWA NA UTUMWA

Waingereza walipoona tambarare zile walizijaza miwa. Sukari ilikuwa na bei kubwa Ulaya, na mwishoni mwa karne ya 18 hapakuwa na koloni la Mwingereza lililotoa sukari nyingi kuliko Jamaika. Lakini miwa hutaka mikono mingi. Ni lazima ikatwe kwa wakati wake, isagwe upesi kabla haijaharibika, na maji yake yachemshwe usiku na mchana. Kazi hiyo yote ilifanywa na watumwa kutoka Afrika ya Magharibi na nchi za Kongo na Angola. Inakadiriwa kwamba walioshushwa Jamaika walikuwa kiasi cha milioni moja.

Hesabu moja yatosha kuonyesha jinsi maisha yao yalivyokuwa. Mwaka 1834, sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kutumika, watumwa waliokuwa hai kisiwani walikuwa kama 311,000 tu. Baadhi ya walioletwa walipelekwa makoloni mengine, lakini wengi zaidi waliuawa na kazi, viboko, njaa na maradhi, na waliokufa walizidi watoto waliozaliwa.

WATORO WA MILIMANI

Sasa turudi kwenye milima. Waingereza walipokiteka kisiwa, baadhi ya watumwa wa Wahispania walikimbilia juu, na wengine wengi wakawafuata baadaye kutoka mashamba ya miwa. Watu wa pwani ya Kenya hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Katika karne ya 19 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani waliitwa watoro, nao walijenga vijiji vyao bara, kama kile cha Fuladoyo. Watoro wa Jamaika walifanya vivyo hivyo, wengine katika Blue Mountains na wengine katika Cockpit Country.

Kiongozi wa magharibi aliitwa Cudjoe. Katika viongozi wa mashariki walikuwamo Quao na mwanamke mmoja hodari aliyejulikana kwa jina la Nanny. Majina ya wanaume hawa ni ya Waakan wa nchi iitwayo leo Ghana. Cudjoe ni mtu aliyezaliwa Jumatatu, na Quao ni aliyezaliwa Alhamisi, kama vile kwetu mtoto huitwa Juma au Khamisi. Bahari nzima haikutosha kuwasahaulisha desturi za nyumbani.

Jeshi la Kiingereza lilipigana nao kwa miaka mingi bila kuwashinda. Askari waliovaa makoti mazito na kupanga mistari hawakuweza kupigana na watu waliojificha miambani, walioijua kila njia, na waliopashana habari kwa sauti ya pembe. Mwaka 1739 Serikali ilifanya mkataba na Cudjoe. Watoro walithibitishiwa uhuru wao wakapewa ekari 1,500 za ardhi. Mwaka huo huo Quao naye alifanya mkataba, na baadaye Nanny na watu wake walipewa ekari 500.

Lakini mkataba ulikuwa na sharti chungu. Watoro waliahidi kumkamata na kumrudisha kila mtumwa atakayetoroka baada yao, na kuisaidia Serikali dhidi ya maadui zake. Mwaka 1760 mtumwa aitwaye Tacky alipoongoza uasi mkubwa katika St Mary, aliyempiga risasi alikuwa mmoja wa watoro. Ardhi yao ya mlimani waliipata kwa ushujaa, wakailinda kwa kuwafungia ndugu zao mlango. Hata hivyo mkataba haukuwalinda wote. Baada ya vita vya mwaka 1795, watoro wa Trelawny walihamishwa kwenda Nova Scotia, nchi ya baridi kali, na mwaka 1800 wakapelekwa Sierra Leone. Hivyo baadhi ya wajukuu wa watumwa walirudi Afrika. Kijiji cha Accompong, wilayani St Elizabeth, kiko hata leo, na kila tarehe 6 Januari watu wake huadhimisha mkataba wa Cudjoe.

MASHAMBA YA CHAKULA

Si watoro peke yao walioijua faida ya mlima. Mabwana hawakutaka kupoteza tambarare nzuri kwa kulima chakula cha watumwa. Kwa hiyo waliwapa watumwa vipande vya ardhi mbaya ya vilimani, wajilimie wenyewe siku ya Jumapili na nusu ya Jumamosi. Watumwa walipanda viazi vikuu, ndizi, mahindi na mbogamboga, na kilichozidi walikipeleka sokoni. Katika masoko hayo ya Jumapili walipata senti zao wenyewe. Kisheria hawakuwa na kitu, lakini kwa kazi ya mikono yao walijifunza ukulima wa mtu huru kabla hawajapata uhuru. Jambo hili litatufaa kukumbuka tutakapofika mwaka 1838.

KRISMASI YA MWAKA 1831

Katika wilaya ya St James aliishi mtumwa aitwaye Samuel Sharpe, shemasi wa Wabaptisti, aliyejua kusoma vizuri. Alisoma magazeti akajua kwamba huko Uingereza watu wanajadili kukomesha utumwa. Akawafundisha wenzake kwamba baada ya Krismasi wakatae kazi mpaka walipwe mshahara kama watu huru. Nia yake ilikuwa mgomo wa amani. Lakini usiku wa tarehe 27 Desemba moto uliwashwa katika shamba la Kensington, na mara vilima vyote vya magharibi vikawa na moto. Inasemekana kwamba watu wapatao 60,000 waliingia katika jambo hilo. Wazungu 14 walikufa. Serikali ilipokwisha kuzima uasi, zaidi ya watu 300 walinyongwa au kupigwa risasi kwa hukumu ya mahakama. Sharpe mwenyewe alinyongwa Montego Bay tarehe 23 Mei 1832.

Habari hizi ziliwashtua watu wa Uingereza. Mwaka 1833 Bunge la London lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa, nayo ikaanza tarehe 1 Agosti 1834. Hata hivyo watu wazima walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao kwa jina la uanagenzi mpaka tarehe 1 Agosti 1838. Bunge lilitenga pauni milioni 20 za fidia katika makoloni yote. Fidia hiyo walipewa waliokuwa na watumwa. Watumwa hawakupewa hata senti moja, wala kipande cha ardhi.

UHURU BILA ARDHI

Hapo ndipo tatizo kubwa lilipoonekana. Mtu aliyeamka huru asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1838 alikuwa amelala katika nyumba ya bwana wake, na viazi vyake vikuu vilikuwa katika ardhi ya bwana wake. Wenye mashamba wengi walianza kutoza kodi kwa nyumba na kwa vile vipande vya vilimani, na aliyekataa kuwafanyia kazi kwa mshahara waliotaka wao alifukuzwa.

Lakini watu wale walikuwa wakulima tayari, na senti za masoko ya Jumapili zilikuwa zimewekwa akiba. Wamisionari wa Kibaptisti waliwasaidia. Mwaka 1835 mmisionari James Phillippo alinunua ekari 25 katika vilima vilivyo juu ya Spanish Town, ardhi ikagawanywa viwanja, na kijiji cha Sligoville kikajengwa. Vijiji vingi vya namna hiyo vilifuata, vyenye kanisa, shule na viwanja vya watu huru. Tazama mahali vilipojengwa. Karibu vyote vilikuwa vilimani, katika ardhi ambayo mwenye miwa hakuihitaji. Tambarare zilibaki mikononi mwa wale wale.

MORANT BAY, MWAKA 1865

Watoto wakaongezeka, viwanja vikawa vidogo, na ukame ukaja. Mwaka 1865 wakulima maskini wa St Ann walimwandikia Malkia Victoria wakiomba wapewe ardhi ya Serikali wailime. Jibu lililoletwa kutoka London liliwashauri wafanye kazi ya mshahara kwa bidii katika mashamba makubwa. Gavana Edward Eyre aliamuru jibu hilo lichapishwe, nakala 50,000 zikasambazwa nchini.

Katika kijiji cha Stony Gut, wilayani St Thomas, aliishi mkulima mdogo na shemasi aitwaye Paul Bogle. Mwezi wa Agosti mwaka ule yeye na wenzake walikwenda kwa miguu mpaka Spanish Town, zaidi ya maili 40, kumweleza Gavana shida zao. Gavana hakukubali kuwaona. Tarehe 11 Oktoba Bogle aliongoza mamia ya watu mpaka mahakama ya Morant Bay. Askari wa mgambo walifyatua risasi, watu wakauawa, na wenye hasira wakaichoma mahakama. Siku hiyo walikufa watu wapatao 25 wa pande zote mbili.

Kisasi cha Serikali kilipita kiasi. Chini ya sheria ya kijeshi watu 439 waliuawa, wapatao 600 wakachapwa viboko, na nyumba zaidi ya 1,000 zikachomwa. Bogle alikamatwa na watoro, waliotimiza sharti la mkataba wao wa kale, akanyongwa. George William Gordon, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria aliyewatetea maskini, naye alinyongwa ingawa siku ya ghasia hakuwapo Morant Bay. Tume iliyotumwa kutoka London ilikuta kwamba adhabu zilikuwa kali mno, Eyre akaondolewa kazini. Lakini Baraza la zamani lilivunjwa, na tangu mwaka 1866 kisiwa kikatawaliwa moja kwa moja kutoka London.

HATA KUFIKA UHURU

Katika miaka iliyofuata wakulima wadogo wa vilimani walipata zao jipya, nalo ni ndizi. Ndizi haihitaji kiwanda kikubwa kama sukari, na hata mwenye ekari mbili aweza kuiuza. Bandari ya Port Antonio, wilayani Portland, ilistawi kwa ajili hiyo. Hata hivyo hali ya wafanya kazi wa tambarare haikubadilika sana. Mwaka 1938 wafanya kazi wa kiwanda cha sukari cha Frome, katika Westmoreland, waligoma wakitaka mshahara bora. Polisi waliwapiga risasi, wanne wakafa, na ghasia zikaenea nchi nzima. Katika siku hizo walitokea viongozi wawili, Alexander Bustamante na Norman Manley, walioanzisha vyama vya wafanya kazi na vyama vya siasa. Mwaka 1944 kila mtu mzima alipata haki ya kupiga kura, na tarehe 6 Agosti 1962 Jamaika ikawa nchi huru, mwaka mmoja na zaidi kabla ya Kenya.

Nchi hiyo imewapa watu saba heshima ya Shujaa wa Taifa, nao ni Nanny, Sharpe, Bogle, Gordon, Garvey, Bustamante na Manley. Msomaji ataona kwamba wote amekwisha kuwasoma katika somo hili.

TUNAJIFUNZA NINI?

Mtu akikitazama kisiwa hiki katika ramani huona vilima na tambarare tu. Akiijua historia yake huona zaidi. Huona mahali watu walipofungwa, mahali walipokimbilia, na mahali walipolipa senti zao za jasho ili watoto wao wasizaliwe katika nyumba ya mtu mwingine. Sheria ya mwaka 1834 iliondoa minyororo, lakini haikumpa mtu mahali pa kuweka jembe lake, na upungufu huo ulilipwa kwa damu huko Morant Bay miaka 31 baadaye. Ndiyo sababu mpaka leo kiazi kikuu kilicholimwa kilimani kina heshima yake katika meza ya Mjamaika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chora ramani ya Jamaika. Onyesha Kingston, Montego Bay, Blue Mountains na Cockpit Country.
2. Kwa nini Kingston hupata mvua chache kuliko milima ya kaskazini mashariki yake?
3. Mkataba wa mwaka 1739 uliwapa watoro nini, na uliwadai nini?
4. Mashamba ya chakula ya vilimani yaliwasaidiaje watu waliotoka utumwani baada ya mwaka 1838?
5. Mwulize mzee wa kijiji chako ni nani waliokaa bondeni na ni nani waliokaa mlimani zamani, na kwa sababu gani. Andika jibu lake, ulilinganishe na uliyoyasoma hapa.